Visanamu vya askari wa farasi: ukubwa upi, malighafi ipi, na rangi ipakwe vipi

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa na boksi la viatu lenye wapanda farasi 12 wa Napoleon wasiokuwa na farasi. Kila mmoja amechomekwa kwenye kizibo chake, deraya inang'aa, kola ya manjano nimeipaka kwa brashi ndogo kuliko zote nilizo nazo, mashavu yana wekundu wa baridi. Farasi wao walikuwa kwenye mfuko wa plastiki, wa kijivu vilevile kama walivyotoka kiwandani, nusu ya kushoto huku na nusu ya kulia kule. Niliwanunua kwa kupenda wapandaji. Sikujua kwamba ukinunua kikosi cha farasi, mzigo wenyewe ni farasi. Yule bwana wa juu ni nyongeza.

Tangu hapo, mtu akiniuliza achukue visanamu gani vya kuchezea vita mezani, simwulizi anapenda jeshi lipi. Namwuliza ana subira kiasi gani na farasi. Farasi ndiye mwenye eneo kubwa la kupaka, ndiye mwenye mshono mrefu wa kuziba, miguu yake ndiyo inayovunjika, na urefu wake ndio unaoamua kikosi kitakaa wapi mezani. Kwa hiyo huku chini nalinganisha mambo manne, yaani ukubwa, malighafi, namna ya kuunganisha na namna ya kupaka, na kila mahali kipimo changu ni kimoja: farasi atamalizika, au ataishia kwenye mfuko?

Ukubwa kwanza

Tukisema "milimita 28" tunataja kimo cha mtu aliyesimama. Wapo wanaopima kutoka nyayo hadi macho, wapo wanaopima hadi utosini, ndiyo maana "28" ya mtengenezaji mmoja huweza kumfika begani "28" ya mwingine. Kwa uwiano ni kama 1/56. Chini yake iko 1/72, halafu 15 (karibu na 1/100, ingawa siku hizi wengi wao wamenenepa hadi 18), kisha 10, na 6 ambayo ni kama 1/300.

Kwa askari wa miguu, tofauti hizi ni suala la kupenda. Kwa farasi ni hesabu. Mpanda farasi wa 28 kwa kawaida husimama kwenye kitako, yaani kibao cha chini yake, cha milimita 25 kwa 50. Wapange 12 kwa safu mbili za sita sita, utapata upana wa 150 na kina cha 100. Hapo bado hawajageuka. Wakianza kugeuka wanasukuma nyumba, miti na kikombe cha mwenzako. Kwa 15, sheria za mchezo wa vita ziitwazo DBA, zilizotoka mwaka 1990, huweka wapanda farasi watatu kwenye kitako cha 40 kwa 30. Wale wale 12 wanaenea kwenye vitako vinne, 80 kwa 60 ukivipanga viwili viwili. Hiyo ni chini ya theluthi ya eneo la kwanza.

Sasa chukua alasiri ya tarehe 18 Juni 1815 kule Waterloo, Ney, jemadari wa Napoleon, alipowatuma wapanda farasi kwa maelfu, wimbi baada ya wimbi, katikati ya mashamba ya Hougoumont na La Haye Sainte, kwenda kuvunja miraba ya askari wa miguu wa Wellington, jenerali wa Uingereza. Ukiamua kila kisanamu kimoja kiwakilishe watu 20, rejimenti ya watu 480 inataka visanamu 24. Rejimenti zilikuwa nyingi. Kwa milimita 28 hii ni kazi ya miaka, na ukiimaliza utahitaji meza ya ukumbi wa harusi. Kwa milimita 6, ambapo farasi mara nyingi hutupwa kwenye kalibu wakiwa wameungana kwenye kipande kimoja, rejimenti nzima hupakwa jioni moja, na ukisimama hatua moja kutoka mezani unaona wimbi kweli, siyo watu 12 wenye haraka.

Lakini kuna gharama yake. Ile kofia ya chuma yenye singa za farasi zinazoning'inia mgongoni, kwenye 6 ni doa jeusi. Kola nayo haionekani kabisa. Wale wapanda farasi wazito wa Ufaransa waliitambua rejimenti kwa rangi hizo: 1 hadi 3 nyekundu, 4 hadi 6 machungwa hafifu, 7 hadi 9 manjano, 10 hadi 12 waridi. Kama mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyokuvuta, 6 itakuchosha baada ya kikosi cha pili. Kama kilichokuvuta ni vita yenyewe, 28 itakukwamisha kabla vita haijaanza.

Hukumu yangu: kwa mapigano madogo ya skwadroni moja au mbili, 28. Kwa vita kubwa, 10 au 6. Kwa mwenye meza ya kawaida ya chakula na jioni mbili kwa wiki, 15 au 18, na asione haya kwamba ameangukia katikati. 1/72 ningeichagua kwa sababu ya bei na wingi tu, na nitaeleza hapa chini kwa nini nasita. Ila usichanganye 1/72 na 28 upande mmoja wa meza. Askari wa miguu wanaweza kupita, lakini farasi wa 1/72 akisimama karibu na wa 28 anaonekana punda.

Plastiki, metali, resini

Plastiki ngumu ndiyo wengi wanaanza nayo kwa 28, na sioni kosa. Boksi la wapanda farasi wazito wa Ufaransa la Perry Miniatures, kwa mfano, lina wapandaji 14, na unaweza kuwafanya wale wenye deraya ya chuma au wale karabinia wenye sare nyeupe waliopewa deraya mwaka 1810. Vichwa, mikono, mabegi na panga vinakuja mbalimbali kwenye fremu, ule utepe wa plastiki unaovikatia vipande. Hakuna wawili watakaofanana ukitaka hivyo.

Tatizo ni farasi, ambaye huja vipande viwili, kushoto na kulia. Mshono unapita katikati ya uso, unapanda juu ya singa, unashuka mgongoni, unazunguka mkia na kurudi tumboni. Ukiupuuza, rangi haitauficha, itauchora. Hapa gundi ya plastiki inakusaidia kama hakuna gundi nyingine, kwa sababu haishikilii tu, inayeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Fanya hivi: paka gundi kwa ukarimu pande zote mbili, subiri kama sekunde kumi, kisha bana nusu mbili mpaka uone ushanga mwembamba wa plastiki laini ukijitokeza kwenye mshono. Usiuguse. Kidole kinakuwasha uufute, usiuguse. Kesho yake umekuwa mgumu, na mgongo wa kisu unaukwangua kwa mikokoto mitatu minne mpaka farasi anakuwa hana kushoto wala kulia. Anayeufuta siku ileile anabaki na mfereji, kisha anatafuta udongo wa kuzibia, na kazi ya dakika tano inakuwa ya siku mbili.

Kifuani, juu kidogo ya miguu ya mbele, mara nyingi hubaki mwanya hata ufanye nini. Weka udongo kidogo, au msogeze mkanda wa kifuani ukae pale.

Plastiki ngumu ni nyepesi, nalo hilo lina pande mbili. Trei ya wapanda farasi 24 unaibeba kwa mkono mmoja, na ikianguka, aghalabu kinachotoka ni kipande kwenye kiungo cha gundi. Ila mikuki ni myembamba na hukatika kwa mkono wa shati tu. Kama unataka wapanda farasi wa mikuki, nusu ya hoja ya kuchagua plastiki imekufa.

Metali ni kinyume chake karibu kwa kila jambo. Farasi anatoka kwenye kalibu akiwa mzima, bila mshono wa kuunganisha, ana mstari mwembamba tu wa kalibu wa kuondoa kwa tupa. Mpandaji naye mara nyingi ni kipande kimoja, upanga mkononi. Ukimtoa kwenye mfuko saa mbili usiku, saa tatu anaweza kuwa tayari kwa praima, ile rangi ya kwanza ya msingi. Mtu anayechukia kuunganisha vipande lakini anapenda kupaka, nitamwambia achukue metali, alipe zaidi, asahau fremu.

Halafu uzito. Farasi wa metali anayekimbia husimama kwa kwato mbili, wakati mwingine moja na ncha ya mkia, na juu yake kuna mtu mzima wa bati. Supagluu inashika vizuri ikivutwa, lakini ikigongwa inaachia kama kioo. Kwa hiyo kwenye metali siachi kwato na kitako viachane na waya: keekee ndogo ya mkono, tundu la nusu milimita ndani ya kwato, waya, epoksi. Ni dakika kumi kwa kila farasi, na hizo dakika kumi ndizo wauzaji hawazitaji wanapokwambia metali haina kazi. Upanga wa metali una tabia nyingine, unapinda badala ya kuvunjika. Utaunyoosha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku moja unabaki na mpini. Mikuki ibadilishe yote mapema uweke waya wa chuma, na uinamishe kidogo mbele ili isikuchome kiganja unapochukua kikosi.

Neno moja la afya: visanamu vingi vya zamani, na vingine hata leo, vina risasi ndani ya aloi. Usipige tupa penye chakula, pangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, nawa mikono. Watoto wakae mbali na unga huo.

Plastiki laini ya 1/72 ni ile inayopinda ukiibonyeza. Kwa bei na idadi haina mpinzani, na baadhi ya farasi wake wamechongwa vizuri kabisa. Lakini gundi nyingi zinateleza juu yake, na rangi hupukutika pale hasa ambapo farasi anapinda, yaani miguuni, mkiani na kwenye hatamu. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke, ipake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kabla ya praima, na mwisho vanishi mara mbili. Ukifanya yote hayo itadumu miaka. Ukiruka hatua moja, baada ya mchezo wa tatu farasi wako watakuwa na soksi za rangi ya kiwandani. Mimi nilizichoka hizo soksi.

Resini ya printa ya 3D imebadilisha mambo kwa jambo moja kubwa: farasi ambao hakuna kiwanda kikubwa kingewatengeneza. Wapanda farasi wa Bornu, dola la karibu na Ziwa Chad, wa karne ya 19, kwa mfano, mtu na farasi wote wamevikwa deraya ya kitambaa kilichotiwa pamba na kushonwa mirabamiraba. Ni furaha kwa anayepaka rangi, kila mraba na rangi yake. Wapo watu wenye mafaili ya majeshi ya namna hiyo, na ukiwa na printa unatoa farasi watano usiku mmoja. Wanatoka wazima bila mshono, na uchongaji wake unaipita plastiki.

Ila resini mbichi siyo kitu cha kushika kwa mikono mitupu. Glavu, chumba chenye hewa, kuosha kwa alkoholi ya isopropili, kuikausha kwa miale ya urujuanimno, na ukipiga msasa uwe wa maji na umevaa barakoa. Na resini ya kawaida huvunjika kama biskuti. Mguu wa mbele wa farasi anayeruka, ule mwembamba, hauhitaji kuanguka. Unahitaji tu kuguswa wakati wa kuondoa vile viegemeo vinavyomshikilia farasi anapochapwa. Wanaochanganya resini ngumu na ile yenye mnyumbuliko kidogo wanapata nafuu. Kwa mtu wa kwanza kabisa, ambaye bado hajui kama atapenda kazi hii, siwezi kumshauri anunue printa ili apate farasi 12. Kama tayari unayo, mezani kwangu resini inashinda kwa majeshi adimu na inashindwa kwa kikosi kitakachochezwa kila wiki.

Umkalishe lini mpandaji?

Hapa watu hugombana, na nadhani ni kwa sababu kila mmoja anazungumzia ukubwa mwingine.

Ukimgandisha mpandaji juu ya farasi kabla ya kupaka, kila kitu kinakaa vizuri, hakuna gundi ya kuharibu rangi mwishoni, na unamaliza haraka. Lakini jaribu kuipeleka brashi kati ya shingo ya farasi na mkono wa kushoto unaoshika hatamu. Jaribu kupaka ndani ya paja. Kwenye 28 utaona sehemu nyeupe za praima miaka mitatu baadaye, siku ile unampiga picha. Kwenye 15 kushuka chini hakuna atakayeziona, na kivuli cha rangi nyeusi kinazimeza.

Ukiwapaka mbali mbali, kila mmoja unampaka kwa uhuru. Tandiko, blanketi la chini yake, vikuku, mgongo wa farasi, vyote viko wazi. Kisha siku ya kuwakutanisha inafika na mpandaji hakai. Rangi na vanishi vimeongeza unene kidogo tu, chini ya nusu milimita, lakini mapaja yalikuwa yamechongwa yabane. Anakaa juujuu kama aliyekalia moto.

Dawa ni kujaribisha kabla, kavu bila gundi, na kuandika namba. Ndiyo, namba: mpandaji wa 3 na farasi wa 3, kwa kalamu chini ya kizibo. Farasi wa boksi moja wanaonekana sawa ila matandiko hupishana, na yule aliyekaa vizuri kwa farasi mmoja hakai kwa jirani yake. Nikishajaribisha, nabandika kipande cha ule udongo laini wa kubandikia mabango kwenye kiti cha tandiko, na kingine chini ya makalio ya mpandaji, napiga praima, napaka, na mwisho nauondoa. Chini yake pamebaki plastiki safi, na plastiki safi kwa plastiki safi gundi inashika. Anayesahau hatua hii atajikuta anagandisha rangi kwa rangi, na mpandaji atatoka na ngozi ya tandiko siku atakapoinuliwa kwa kichwa. Maana wachezaji wenzako watawainua kwa kichwa. Utawasihi, utawachekea, bado watawainua kwa kichwa.

Kwa hiyo: 28, mbali mbali. 18 na 15, pamoja, isipokuwa kamanda na mpiga tarumbeta. 10 na 6, swali lenyewe halipo.

Na usiwapake wapandaji wote kwanza. Boksi langu la viatu lilitokana na hilo. Paka farasi kwanza, wote 12, kisha wapandaji. Mpandaji asiye na farasi anakupa picha kwamba umefika mbali, kumbe uko chini ya nusu ya kazi.

Rangi ya farasi: njia tatu

Kabla ya njia, jua unapaka farasi gani. Mwenye mwili wa hudhurungi na singa, mkia na miguu ya chini nyeusi ni rangi moja. Mwenye wekundu wa kutu mwili mzima, singa na mkia wa rangi ileile au hafifu zaidi, ni nyingine, na huyu wa pili hana miguu myeusi. Anayewachanganya wawili hawa anaonekana hata kwa mtu asiyewahi kumgusa farasi, ingawa hataweza kusema kilichomkera. Farasi mweupe tunayemwona mara nyingi ni wa kijivu aliyezeeka: huzaliwa na rangi nyingine, mara nyingi ya giza, na kuwa mweupe kadiri anavyokua, na ngozi yake chini ya manyoya bado ni nyeusi. Ndiyo maana pua na mdomo wake ni wa majivu. Ukimpaka weupe mtupu, pua na yote, umepata farasi wa bembea.

Alama nyeupe za miguu zipe farasi wachache, na si miguu yote minne. Chini ya mguu mweupe kwato huwa hafifu kama pembe, chini ya mguu wa giza huwa ya giza. Wapiga tarumbeta wa Ufaransa wape farasi wa kijivu, ilikuwa desturi ya wengi wao. Na ukiazima farasi wa boksi la Kiingereza ili umpandishe Mfaransa, angalia mkia. Waingereza wa wakati huo walikuwa na mazoea ya kukata mikia ya farasi wa jeshi, na hapo ndipo utakapokamatwa.

Njia ya kwanza ni rangi ya mafuta kupakwa na kufutwa. Unampaka farasi kwa akriliki ya rangi hafifu yenye joto, machungwa ya udongo au ya mchanga, unaacha ikauke sawasawa. Kisha unachukua hudhurungi nzito ya mafuta, ile ya kwenye tyubu wanayotumia wachoraji, unaipaka farasi mzima bila huruma mpaka anaonekana ametoka matopeni. Unasubiri kama dakika ishirini. Halafu kwa kipande cha sponji unafuta, ukifuata msuli: bega kwenda chini, paja kwenda nyuma, ubavu kwa duara. Pale paliponyanyuka akriliki inarudi kuonekana. Kwenye mikunjo ya misuli na katikati ya mbavu mafuta yanabaki. Na ile mipaka kati ya giza na mwanga inalainika yenyewe, kitu ambacho kwa akriliki ningekitafuta saa nzima. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikaa nikimgeuza yule farasi kwenye taa kama niliyeokota pete.

Ubaya wake ni muda wa kukauka, siku kadhaa. Basi wapake wote kwa mkupuo mmoja, waweke juu ya kabati, uendelee na wapandaji. Badilisha akriliki ya chini na hudhurungi ya juu kwa kila farasi watatu, utapata kundi la farasi wa kweli badala ya mapacha 12. Kwa kusafisha brashi tumia spiriti nyeupe, kamwe siyo thina ya rangi za magari: tone moja la thina hiyo kwenye farasi wa plastiki litamla mguu.

Njia ya pili ni rangi hizi nyepesi zinazojitengenezea kivuli kwa mkupuo mmoja, ambazo wengi walizijua Games Workshop ilipotoa Contrast mwaka 2019, na sasa kampuni nyingine nazo zina za kwao. Praima nyeupe ya maziwa, mkupuo mmoja wa hudhurungi, miguu na singa nyeusi ikiwa mbichi kidogo ili zichanganyike, basi. Dakika kumi kwa farasi wa 28, dakika moja kwa wa 15. Kwa anayetaka kucheza Jumamosi hii, sina la kumbishia.

Ila mgongo na makalio ya farasi ni uwanja mpana na laini, na rangi hizi hazipendi uwanja. Zinaacha mawingu na alama za maji. Tumboni zinajikusanya na kukauka kama tone la uji. Kaa na brashi yenye unyevu uinyonye ziada kabla haijashika, hasa kati ya miguu ya nyuma. Na usidhani kila rangi ya aina hii hubaki palepale ikishakauka: kuna moja iliyotoka mwaka 2022 ambayo iliamka kila ilipopakwa rangi nyingine juu yake, mpaka toleo la pili la mwaka 2023 liliporekebisha. Kama una chupa za zamani, jaribu kwanza kwenye farasi aliyevunjika. Kila mtu ana farasi aliyevunjika.

Njia ya tatu ni ya tabaka: rangi ya giza, ya kati, ya mwanga, kila moja juu ya mwenzake na kuacha kidogo cha ile ya chini. Ndiyo inayotawalika kuliko zote na ndiyo inayochosha kuliko zote. Kwa farasi weusi na wa kijivu naitumia hii, kwa sababu njia mbili za mwanzo huwaacha wakiwa wachafu au bapa. Mweusi usimpake weusi mtupu. Anza na weusi, panda kwa hudhurungi nyeusi au bluu nyeusi kwenye misuli, mwanga uwe kidogo sana. Wa kijivu nampaka mwili kwa tabaka, kisha madoa ya duara makalioni kwa ncha ya brashi. Wale Scots Greys wa Uingereza, ambao wote walipanda kijivu, ni zoezi zuri la njia hii kwa mtu ambaye ameshamaliza kikosi kimoja au viwili. Kuanza nao ni kujitesa.

Wapandaji nitawapitia haraka, kwa kuwa ndio sehemu ambayo kila mtu anaipenda na haikwamishi. Deraya: rangi ya chuma, maji ya rangi nyeusi kwenye viungo, mng'aro juu ya kifua. Mikanda myeupe ianze na kijivu. Uso uwe wa mwisho, na kama mkono hauko sawa jioni hiyo, acha macho kabisa. Chini ya ukingo wa kofia, kivuli kinatosha.

Vitako

Kitako cha mtu mmoja mmoja kinakuruhusu kuondoa wanaokufa. Kitako cha watatu kwa pamoja kinalinda miguu, kwa kuwa watu wanapata mahali pa kushika pasipokuwa kichwa. Kwa metali nachagua cha pamoja bila kufikiri mara mbili. Kwa plastiki ya 28 nabaki na mmoja mmoja juu ya trei, na karatasi ya sumaku chini, ili trei ikiinama farasi wasishuke kilimani wenyewe. Unene wa kitako uwe milimita mbili au zaidi: farasi mwenye kitako chembamba hukamatwa kwa singa.

Kwa anayetaka niseme wazi cha kununua: boksi moja la plastiki ngumu la 28, siyo la mikuki, farasi wote kwa mafuta, kwa mkupuo mmoja, kabla ya kugusa mpandaji hata mmoja. Kama baada ya farasi wa nne umechoka, hukukosea hobi, umekosea ukubwa. Wauze waliobaki, uchukue 15 za metali na rangi za mkupuo mmoja. Kama baada ya farasi wa 12 unataka wengine, basi karibu, na tafuta meza.

Wale 12 wa boksi la viatu walipata farasi wao hatimaye. Wa pili kutoka kulia sikuwa nimemjaribisha kavu, mapaja yakakataa, nikamlazimisha, na mpaka leo anapiga mbio akiwa ameinamia kushoto. Wenzangu wanamwita Mlevi, na kila mchezo ndiye wa mwisho kuondolewa mezani.